Cha Kukaa Kichwani na cha Kukaa Kwenye Jedwali

Kila tarehe 1 Julai sehemu ya elimu ya mhasibu huchakaa. Sheria ya Fedha ya mwaka mpya wa fedha huanza kutumika Tanzania, na ya Kenya nayo kwa sehemu kubwa huanza siku hiyohiyo. Viwango hupanda au kushuka, misamaha hufutwa, fomu hubadilika. Aliyefaulu mitihani ya bodi kwa alama za juu na aliyepenya kwa shida, wote huamka asubuhi hiyo wakiwa na mambo kichwani ambayo si kweli tena. Ndiyo maana naona kazi ya uhasibu ni mahali pazuri pa kujifunzia jinsi ya kujifunza. Elimu yake ina sehemu inayodumu na sehemu inayooza, na anayezichanganya hizo mbili hulipia makosa yake kwa faini ya mteja.

Mwaka 1959 Peter Drucker alianza kumwandika mfanyakazi wa maarifa, yaani mtu ambaye chombo chake cha kazi kimo kichwani mwake. Seremala msumeno wake ukiwa butu ataona mbao inachanika. Mhasibu akisahau masharti ya kodi ya zuio, ile inayokatwa kwenye malipo kabla hayajamfikia mlipwaji, haoni kitu, mpaka mkaguzi wa kodi aje miaka mitatu baadaye. Vyama vya taaluma hujaribu kuziba pengo hilo kwa kuhesabu saa za mafunzo: kiwango cha kimataifa cha wahasibu, IES 7, kimezoeleka kwa saa 120 katika kila miaka mitatu. Saa hizo zina faida yake, lakini zinapima uliketi ukumbini muda gani. Kilichobaki kichwani wiki moja baada ya semina ni habari nyingine kabisa.

Habari hiyo ilishapimwa zamani. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani, alijifanyia majaribio mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akachapisha matokeo mwaka 1885. Alichopima ni muda aliookoa alipojifunza orodha ileile kwa mara ya pili. Baada ya dakika 20 aliokoa kama 58%, baada ya siku moja kama 34%, baada ya mwezi kama 21%. Vifungu vya sheria si silabi tupu, kwa hiyo huzama polepole zaidi, lakini umbo la mteremko ni lilelile: anguko kubwa hutokea mwanzoni kabisa, kisha kasi inapungua. Anayesubiri mpaka mwisho wa mwezi ndipo afungue tena makabrasha ya semina huanza karibu upya.

Kosa linalofuata ni la namna ya kudurusu. Wengi husoma tena. Wanapitisha kalamu ya rangi juu ya mistari, wanarudia ukurasa, na kila mara maneno yanazidi kuwa mepesi machoni, hivyo wanadhani yameingia. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha jaribio ambalo kila mwalimu wa wahasibu anapaswa kulijua. Wanafunzi walisoma kifungu. Kundi moja likakisoma tena, kundi la pili likafunga karatasi na kuandika yote linayoyakumbuka. Walipopimwa dakika tano baadaye, waliosoma tena waliongoza: 81% dhidi ya 75%. Walipopimwa baada ya wiki, mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka 56%, waliosoma tena 42%. Kwa maneno mengine, njia inayokupa raha jioni ya leo ndiyo inayokuangusha Jumatatu ijayo mbele ya mteja. Kule kuhangaika kulitafuta jibu kichwani, kabla ya kulifunua, ndiko kunakolikaza.

Kwa hiyo kinachohitajika ni maswali, na mahali pa kuyaweka. Karatasi ya manila ya ukubwa wa A1 ikikatwa sawasawa hutoa kadi 64 za ukubwa wa A7, milimita 74 kwa 105, zinazokaa vizuri ndani ya boksi la viatu. Swali upande mmoja, jibu upande wa pili. Chini ya jibu, kwa herufi ndogo, andika mambo mawili: kifungu cha sheria au kiwango kilikotoka jibu, na tarehe ambayo jibu hilo lilithibitishwa. Kadi isiyo na tarehe ni hatari kuliko kutokuwa na kadi, kwa sababu inakupa uhakika usiostahili.

Kuandika swali ndiyo sehemu ngumu, na ndipo wengi wanapokata tamaa. Chukua IFRS 16, kiwango cha kimataifa cha uhasibu cha mikataba ya upangaji kilichoanza kutumika tarehe 1 Januari 2019. Kadi inayosema "Eleza IFRS 16" haina kazi. Jibu lake ni la kurasa nzima, utakumbuka nusu, na hutajua ujipe alama au ujinyime. Ivunje. Kampuni imepanga ofisi kwa miaka 5: siku ya kwanza, ni vitu gani viwili vinaingia kwenye mizania ya mpangaji? Jibu: haki ya kutumia mali, na deni la upangaji. Kadi ya pili: deni hilo hupimwaje? Ni thamani ya sasa ya malipo ambayo bado hayajalipwa, kwa riba iliyomo ndani ya mkataba. Isipojulikana kwa urahisi, kwa riba ambayo mpangaji angetozwa kama angekopa. Kadi ya tatu: ni mikataba gani mpangaji anaruhusiwa kuiacha nje ya mizania? Ya miezi 12 au chini yake isiyo na haki ya kununua mali, na ya vitu vya thamani ndogo.

Kadi ya nne ndiyo inayomtofautisha mhasibu na mtu aliyekariri: kwa nini gharama ya mwaka wa kwanza ni kubwa kuliko ya mwaka wa mwisho, ilhali kodi ya pango haikubadilika? Hapa usikubali jibu la maneno matupu. Weka hesabu nyuma ya kadi. Pango la shilingi 12,000,000 kwa mwaka, linalolipwa mwisho wa kila mwaka kwa miaka 5, riba 10%. Deni la siku ya kwanza ni takriban 45,489,000. Riba ya mwaka wa kwanza ni takriban 4,549,000, na uchakavu wa haki ya kutumia mali (45,489,000 gawanya kwa miaka 5) ni 9,098,000, jumla 13,647,000. Mwaka wa tano deni limebaki 10,909,000, riba yake ni 1,091,000, uchakavu ni uleule, jumla 10,189,000. Uchakavu hausogei, riba ndiyo inayoshuka, kwa sababu hukokotolewa juu ya deni linalopungua. Ukijumlisha miaka yote mitano unarudi kwenye 60,000,000 zilezile za pango. Aliyeifanya hesabu hii kwa mkono mara moja anaweza kumweleza mkurugenzi kwa nini faida imeshuka mwaka ambao ofisi mpya imepangwa. Aliyekariri sentensi peke yake atakwama kwenye swali la pili la mkurugenzi.

Ninasisitiza maswali ya "kwa nini" na "itakuwaje endapo" kwa sababu ndiyo yanayofanana na kazi. Mteja hakuulizi tafsiri ya istilahi. Anakuuliza kama anaweza kuvunja mkataba wa miaka 5 ukawa mikataba mitano ya mwaka mmoja mmoja ili deni lisionekane kwenye mizania. Jibu linaanzia kwenye muda halisi wa upangaji, pamoja na vipindi vya kuongeza mkataba ambavyo mpangaji ana uhakika wa kutosha kwamba atavitumia. Swali hilo nalo liandikie kadi.

Sasa niseme jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote. Si kila ukweli unastahili nafasi kichwani. Bidhaa dukani Tanzania Bara ina bei ya shilingi 118,000 pamoja na VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya 18%. Kodi iliyomo ndani ni kiasi gani? Anayekimbilia kuzidisha kwa 18% anapata 21,240, na amekosea. Kodi ni 118,000 mara 18 gawanya kwa 118, yaani 18,000. Kanuni hii, kiwango juu ya mia ongeza kiwango, haijabadilika na haitabadilika, maana ni hesabu. Ikae kichwani mpaka itoke bila kufikiri. Lakini ile 18 yenyewe ni ya kupita. Tanzania Bara kiwango cha kawaida kilikuwa 20% mpaka kiliposhushwa kuwa 18% mwaka 2009. Kenya kilikuwa 16%, kikawa 14% kuanzia Aprili 2020, kikarudi 16% tarehe 1 Januari 2021. Mhasibu wa Nairobi anayepitia leo ankara ya Agosti 2020 anahitaji ile 14, na asitegemee kumbukumbu yake. Ashike kanuni kichwani, kiwango akitafute kwenye jedwali lenye tarehe.

Mgawanyo huu hupunguza mzigo kwa kiasi kikubwa. Viwango vyote viweke kwenye karatasi moja ya jedwali: jina la kodi, kiwango, kuanzia tarehe gani, mpaka tarehe gani, sheria gani. SDL, tozo ya kuendeleza ujuzi ya Tanzania, ilishuka kutoka 4% hadi 3.5% Julai 2023: mistari miwili kwenye jedwali, hakuna kadi. Kodi ya mapato ya kupangisha nyumba za makazi Kenya ilishuka kutoka 10% hadi 7.5% Januari 2024: vivyo hivyo. Kadi iandikwe pale utaratibu wenyewe unapobadilika. Mfuko wa bima ya afya wa Kenya, NHIF, ulipouachia nafasi mfuko mpya, SHIF, Oktoba 2024, tofauti haikuwa ya tarakimu tu. Mfanyakazi wa mshahara alikuwa anakatwa kwa madaraja, yakiishia shilingi 1,700 kwa mwezi. Sasa anakatwa 2.75% ya mshahara ghafi bila kikomo cha juu. Hapo swali la kadi ni: mshahara ukiongezwa mara mbili, makato yanafanya nini? Zamani mwenye mshahara mkubwa hakuguswa. Sasa makato yake nayo yanazidishwa mara mbili. Mtu anayelijua hilo atakamata kosa la orodha ya mishahara kwa kuitupia jicho tu.

Kadi bila ratiba hugeuka takataka. Sebastian Leitner, mwandishi wa Kijerumani, alieleza mwaka 1972 boksi lenye vyumba vitano, na mpaka leo ni vigumu kupata njia nyepesi zaidi. Kadi mpya huingia chumba cha kwanza. Ukijibu sawa, inasogea chumba kinachofuata. Ukikosea, inarudi cha kwanza, hata kama ilikuwa imefika cha tano. Leitner aliacha ukubwa wa vyumba uamue lini upitie kipi. Mimi napendelea siku zilizopangwa: cha kwanza kila siku, cha pili kila siku ya tatu, cha tatu kila wiki, cha nne kila wiki mbili, cha tano kila mwezi. Nafasi hizo za kuachia ndizo zinazofanya kazi. Ukitaka jambo likae wiki, inatosha kulirudia baada ya kama siku moja. Ukitaka likae karibu mwaka, utafiti wa Nicholas Cepeda na wenzake uliochapishwa mwaka 2008 unaonyesha kwamba pengo la kama wiki tatu ndilo lenye faida kubwa. Kurudia mara tano usiku mmoja ni kupoteza mara nne.

Piga hesabu ya mzigo kabla ya kuanza, maana hapa ndipo watu wenye bidii huvunjika. Ukiongeza kadi 5 mpya kwa siku na kuzijibu sawa zote, vyumba vinne vya kwanza vitakudai kadi 20 kwa siku. Baada ya miezi sita chumba cha tano kitakuwa na kadi kama 775, na kuzipitia zote kwa mwezi ni kama 26 kwa siku. Jumla ni 46. Kwa sekunde kumi kila kadi, ni dakika nane, muda wa kungoja daladala. Sasa ongeza kadi 20 kwa siku badala ya 5: unafika 184 kwa siku, zaidi ya nusu saa, na hapo zilizokosewa hazijahesabiwa. Wiki ya kufunga mahesabu ikifika utaacha siku tatu, zitarundikana 500 na zaidi, na boksi litapelekwa juu ya kabati. Kadi 5 zilizochaguliwa vizuri zinatosha. Iliyojibiwa sawa mara tatu mfululizo kwenye chumba cha tano itoe kabisa. Kazi ya kila siku itaitunza.

Ziko kasoro nyingine zinazojirudia. Kadi za ndiyo au hapana: utapata nusu kwa kubahatisha. Kadi za orodha ya mambo saba: utakumbuka matano, uikosee kadi nzima, na mwisho uichukie, igawe, au iulize kupitia mfano mmoja mmoja. Kadi zinazofanana: maswali matatu ya kodi ya zuio ambayo majibu yake ni 5%, 10% na 15% yatakuvuruga kichwani, na hii ni sababu nyingine ya kuyaachia jedwali. Kadi iliyonakiliwa neno kwa neno kutoka kwenye sheria: utakariri mdundo wa sentensi, na swali likija kwa maneno mengine hutalitambua. Na kadi za kupewa. Kununua au kuomba kadi za mwenzako kunaokoa muda wa kuandika, lakini kuandika ndiko kunakokulazimisha kugundua usichokielewa. Tumia za mwenzako kujipima tu.

Simu inafanya kazi hiyohiyo. Anki, programu iliyotoka mwaka 2006, hupanga tarehe yenyewe, ni ya bure kwenye kompyuta na kwenye simu za Android, na haihitaji intaneti kila wakati. Wanaofaulu nayo ni wale wanaoandika jibu au kulitamka kabla ya kubonyeza. Wengine hubonyeza haraka na kujidanganya kwamba "nilikuwa najua."

Kukumbuka peke yake hakuzai wazo. Mawazo hutoka pale kadi mbili zinapokutana. Niklas Luhmann, mwanasosholojia wa Bielefeld, aliacha karatasi zake za maelezo kama 90,000, na siri yake ilikuwa kuzipa namba na kuziandikia rejeo kwa nyingine. Kadi ya 57 ikipata mwendelezo ikawa 57a, na popote palipogusana aliandika namba ya mwenzake. Mhasibu hahitaji 90,000. Lakini kadi ya riba ya deni la upangaji ikiandikwa namba ya kadi ya riba ya mkopo wa benki, na ya gharama iliyotengwa ya kubomoa mtambo miaka 20 ijayo, utaona kwamba ni hesabu moja imevaa nguo tatu. Mteja akija na jambo la nne ambalo halimo kwenye semina yoyote, utalitambua kwa sura. Kila Ijumaa kabla ya kufunga ofisi, chukua jambo moja la wiki lililokupa taabu, liandike kwa aya moja ya maneno yako, na weka namba za kadi mbili zinazohusiana nalo. Kijana wa mafunzo kazini akiisoma aya hiyo na kuielewa, imeiva. Akikuuliza swali, swali lake ni kadi mpya.

Kuna wanaosema haya yamepitwa na wakati kwa kuwa akili mnemba hujibu swali lolote kwa sekunde mbili. Inajibu kweli, na kwa lugha laini. Lakini ukiiuliza makato ya mshahara bila kutaja nchi na mwezi, inaweza kukupa ya Kenya ukiwa Mwanza, au ya mwaka juzi. Kosa hilo hulioni mpaka uwe na utaratibu kichwani: unajua Tanzania Bara SDL hulipwa na mwajiri, haikatwi kwenye mshahara, hivyo jibu linaloikata unalikataa hapo hapo. Itumie kukuandalia maswali magumu ya kujipima, kisha hakiki kila jibu kwenye sheria yenyewe.

Kazi ya Julai yenyewe ni fupi ukiwa na tarehe kwenye kila kadi. Pata nakala ya sheria iliyopitishwa, si muswada, kwa sababu baadhi ya mapendekezo huanguka bungeni. Pitia jedwali la viwango kwanza, funga mistari iliyokwisha kwa tarehe 30 Juni, fungua mipya; usifute ya zamani, ukaguzi wa miaka ya nyuma utaihitaji. Kisha toa kadi zilizotaja vifungu vilivyorekebishwa na uziandike upya, zikianza tena chumba cha kwanza.

Viwango vya uhasibu vinahitaji kuanza mapema zaidi. IFRS 18, kiwango cha uwasilishaji wa taarifa za fedha kitakachochukua nafasi ya kile cha zamani, IAS 1, inaanza kwa vipindi vya mwaka vinavyoanza tarehe 1 Januari 2027 au baadaye, na takwimu za mwaka uliotangulia lazima zipangwe upya ili zilinganishwe. Kampuni inayofunga Desemba itahitaji mapato na gharama za 2026 zikiwa zimegawanywa katika makundi ya uendeshaji, uwekezaji na ufadhili, pamoja na jumla ndogo mbili za lazima: faida ya uendeshaji, na faida kabla ya gharama za ufadhili na kodi ya mapato. Kadi za kwanza ni tatu. Riba ya akaunti ya akiba ya kiwanda inaingia kundi gani? Uwekezaji. Riba ya mkopo wa kiwanda hichohicho? Ufadhili. Na kwa benki, ambayo kukopesha ndiyo biashara yake, riba ya mikopo iliyowapa wateja? Uendeshaji. Mwenye kuzijibu hizo kwa sababu zake anaweza kuanza kupanga upya orodha ya akaunti za mteja wake.